Mama Kope na Waya wa Mwisho

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mkuu wa Kitengo cha Hadubini anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Miaka hiyo yote ameitumia kutazama vitu vidogo kwa jicho la kulia. La kushoto, kama anavyosema mwenyewe, alikuwa analitunza kwa ajili ya kutazama watu, na waliotazamwa nalo wanajijua.

Ratiba ya sherehe inasema anaondoka "kwa furaha na kwa hiari yake". Maneno hayo yametoka ofisi ya Mkurugenzi, na kwa kuwa ratiba imekwisha kupigwa chapa, tutayaacha yakae hapo yalipo. Ukweli ni kwamba alikuwa anatarajia kuongezewa mkataba wa miaka miwili, akaukosa kwa sababu ya waya mmoja mwembamba na figo ya mtoto wa dereva wetu. Nitaeleza. Wasifu huu nimepewa mimi, msafisha picha wa chumba cha giza, kwa kuwa siku kazi za sherehe zinagawanywa nilikuwa nimetoka kunywa chai. Waliokuwepo wakachukua keki, viti na maua, mimi nikaachiwa maneno. Nimeagizwa yawe mafupi na ya kuchangamsha.

Mstaafu alikuja kwetu akiwa msichana mwenye shahada moja na miwani mikubwa. Anaondoka na shahada tatu na miwani ileile, maana anasema fremu za siku hizi hazina adabu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Mwenyekiti wa Bodi, wote tunamwita Mama Kope. Wafanyakazi wapya hudhani ni jina la urembo, wakamwangalia usoni wakitafuta huo urembo, na hapo huwa wameshaingia mtegoni.

Jambo lenyewe ni hili. Ili uone ndani ya seli, hadubini kubwa inataka kipande chembamba mno, chembamba kiasi kwamba ukipanga vipande elfu moja, kimoja juu ya kingine, bado hujafikia unene wa karatasi hii unayoisoma. Kipande hicho hukatwa kwa kisu cha almasi na kuelea juu ya tone la maji. Hakishikwi kwa kidole wala kwa koleo. Ukikohoa kimekwenda, ukihema karibu kimekunjamana, na ndiyo maana mtu akiingia chumbani wakati Mama Kope anakata hutakiwa kubana pumzi mpaka aambiwe aachie. Kitu pekee chenye ulaini wa kukisogeza ni kope ya binadamu, imegundishwa kwenye kijiti. Kope za kwake mwenyewe zilikwisha miaka ya mwanzo. Baada ya hapo akahamia kwetu. Ukikutana naye kwenye ngazi hakuangalii machoni, anakuangalia kingo za macho. Mhasibu wetu, aliyejaliwa kope ndefu, kwa miaka mingi alikuwa anapandia ngazi za nyuma, na kuna msichana wa mapokezi aliyeambiwa siku yake ya kwanza kazini, "Kope zako nzuri, mwanangu, ila naona zinakaa bure."

Mashine yenyewe tunaiita Bi Harusi. Inafunikwa shuka jeupe, haipendi joto, haipendi kelele, na hakuna aliyewahi kuikuta tayari kabla ya saa nne asubuhi. Mama Kope alikuwa somo wake. Alipiga marufuku manukato, viatu vinavyolia, simu, mbwembwe na kupiga chafya. Mkurugenzi wa sasa alitolewa nje mwaka wake wa kwanza kwa kosa la kwikwi, na ingawa amesema mara nyingi kwamba alishasahau, huwa anasema bila kuulizwa.

Wasifu wowote wa haki hauwezi kuuruka ugunduzi mkubwa. Katika ujana wake, akiwa bado kwenye hadubini ndogo za mwanga, Mama Kope aliona kwenye mizizi ya mahindi viduara vidogo vinavyong'aa, ambavyo hakuna kitabu kilichovitaja. Alivipiga picha. Taasisi ikaita mkutano wa waandishi wa habari, kiumbe kikapewa jina la Mkurugenzi wa wakati ule, na picha ikawekwa kwenye kalenda. Kwa miaka mitatu tulikiona kila mahali: kwenye mizizi, kwenye majani, kwenye damu ya kuku, hata kwenye maji ya bomba. Kisha bohari ikaishiwa glavu zetu za kawaida na kuleta za aina nyingine, zisizotiwa poda ndani, na tangu siku hiyo kiumbe hakikuonekana tena. Taarifa ya mwaka ilisema kimetoweka kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Mama Kope, tofauti na wengine, alikubali mapema kwamba tulikuwa tumegundua poda, ila hadi leo anashikilia kwamba ilikuwa poda nzuri sana na picha ilikuwa kali.

Mafanikio ya pili ni koo la panya. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tulipona kwa koo la panya. Katika sanduku la sampuli kuna kipande kimoja alichokikata siku ambayo mkono wake, kisu na Mungu walikuwa wamepatana. Ndani yake vinaonekana vinyweleo vya koo vilivyokatwa katikati, kila kimoja kiduara chenye miale, safu kwa safu. Ni kizuri mno. Basi kila mgeni mwenye uwezo wa kutusaidia alionyeshwa hicho. Wageni wa kilimo waliondoka wakisifu shina la mahindi. Wageni wa maji waliona vijidudu, wakashtuka, wakatuahidi mengi. Wageni wa uchukuzi waliona magurudumu. Mama Kope hakumdanganya mtu. Alikuwa anawasha mashine, anasogea pembeni, anauliza kwa upole, "Mheshimiwa anaona nini?" na chochote alichokiona Mheshimiwa ndicho kilichokuwepo. Mkurugenzi aliita hiyo diplomasia ya kisayansi na kuiingiza kwenye mpango mkakati.

Nasema haya msije mkadhani namsifia malaika. Mama Kope alipenda wakubwa, alipenda kupigwa picha nao, na kila ugeni ulipokuwa unakuja, fundi wake wa nguo alijua kabla yetu. Picha za wageni zimejaa ukuta mzima wa ofisi yake, na kwenye zote yeye ndiye aliyesimama vizuri.

Tuje kwenye figo. Dereva wetu ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti moja, kwamba nisiseme binti yake yuko darasa la ngapi, kwa sababu ni lilelile la mwaka jana. Mwanzoni mwa mwaka mtoto alianza kuvimba, asubuhi uso, jioni miguu. Akapewa dawa, uvimbe ukapungua, ukarudi. Hospitali wakachukua kipande cha figo kwa sindano wakakiangalia kwa hadubini ya kawaida, wakaona figo haina neno, na mtoto amevimba vilevile. Ndipo kipande kikaletwa kwetu. Daktari wa figo alitaka kujua kitu kimoja tu. Figo ina chujio, na chujio lina ukuta, na juu ya ukuta kuna seli zenye vidole vingi vilivyosimama. Kama ukuta ni safi na ni vidole tu vilivyolala, dawa ileile iendelee kwa subira, na mtoto ana kila nafasi ya kupona. Kama ukuta una mabonge, dawa ile haina faida, na yanaanza mambo mazito ambayo baba yake alikuwa hawezi hata kuyataja. Madaktari walikuwa wanakutana Alhamisi kuamua.

Mnaomjua dereva wetu mnajua kwamba ni mtu wa maneno. Ukipanda gari lake unashuka unajua bei ya kila kitu na kosa la kila timu. Miezi ile alikuwa anaendesha kimya, redio imezimwa. Siku moja alikuja mlangoni kwetu akauliza kama kuna chochote anachoweza kufanya ili kazi iende haraka. Hakikuwepo. Mama Kope akamtazama, akamwambia, "Nipe kope." Dereva akang'oa palepale, tatu nne kwa pamoja, macho yakamjaa machozi, akasema ni kwa sababu ya kope. Sote tukakubali kwamba ni kwa sababu ya kope.

Kipande kilikatwa vizuri. Tatizo likawa waya. Hadubini kubwa haitumii mwanga huu wa kawaida. Juu kabisa ya mnara wake kuna waya mwembamba sana, unaopashwa moto mpaka unakuwa mweupe, na huo ndio unaotoa miale inayopenya sampuli. Waya huungua, kama wa balbu, ukaweka mwingine. Sisi mwingine tulikuwa hatuna. Tulikuwa tumeuomba Idara ya Ununuzi tangu mwaka uliopita, na Idara, kwa kufuata taratibu, ilikuwa inasubiri bei za wauzaji watatu, ilhali kwa mashine ya zamani kama yetu mtengenezaji amebaki mmoja. Mama Kope aliwaeleza hivyo kwa Kiswahili fasaha. Wakamjibu kwamba basi huyo mmoja alete bei tatu.

Waya uliokuwemo ulikuwa umechoka. Picha zilikuwa zinafifia, zinarudi, zinafifia tena. Na Alhamisi ileile ya madaktari ndiyo siku aliyokuwa anakuja mgeni rasmi, mkubwa kuliko wote tuliowahi kupokea, ambaye neno lake lingeamua bajeti ya kitengo na mkataba wa Mama Kope. Zaidi ya hayo ilikuwa imepangwa kwamba siku hiyo chumba cha hadubini kipewe jina la Mama Kope. Bango lilikuwa limekwisha kuandikwa. Nililiona kwa macho yangu, limeegemezwa nyuma ya mlango wa stoo. Mkurugenzi akatoa agizo kwamba Bi Harusi asiwashwe na mtu yeyote mpaka mgeni afike, koo la panya liwekwe tayari, na mtoto ataangaliwa Jumatatu. Hakuwa na nia mbaya. Ni mtu ambaye Jumatatu haijawahi kumchelewea.

Mama Kope aliitikia. Nilimsikia akisema "sawa", na nilijua kwa nini. Alikuwa ameshachukua gauni la buluu kwa fundi, na kwao alikuwa amekwisha kuwaambia dada yake na wajomba kuhusu lile bango. Jumatatu ya wiki ile ya ugeni akasema sawa, Jumanne akasema sawa, akawa anapita karibu na gari la dereva bila kulitazama.

Jumatano mchana, Mkurugenzi akiwa kwenye kikao cha kupanga nani akae karibu na mgeni, Mama Kope aliingia chumbani kwangu akasema, "Andaa filamu, na usiniulize kitu." Akavua shuka la mashine, akaweka kipande cha mtoto, akafunga mlango. Kioo kikawaka ule ukijani wake. Alitafuta kwa muda mrefu, mkono mmoja kwenye gurudumu, taa ikilegea na kurudi, akipiga picha kila inaporudi. Kisha mwanga ukacheza, ukawa mwekundu kidogo, ukaondoka. Tukabaki gizani. Nikamwambia pole, Mama. Akasema pole ya nini, kasafishe picha.

Sheria ya chumba cha giza ni kwamba mtu haingii nikiwa kazini, na sheria hiyo aliiweka yeye. Aliingia. Mwanamke aliyetubania pumzi miaka yote hiyo alisimama nyuma yangu anahema kwenye sikio langu kama amepanda ngazi kumi. Picha ikaanza kujitokeza kwenye dawa, polepole, kijivu juu ya kijivu. Ukuta wa chujio ulipita katikati ya karatasi tangu upande huu hadi ule, laini, sawasawa, bila bonge hata moja. Vidole vilikuwa vimelala bapa, vyote, kama mkeka. Tukaangalia ya pili na ya tatu, ni vilevile. Aliniegemea begani, akakaa hivyo kidogo, kisha akaikwapua picha ikiwa bado inatiririka maji na kutoka nayo nje.

Dereva alikuwa anaosha gari la kumpokelea mgeni. Mama Kope alimwinulia ile karatasi juani na kumwonyesha ukuta kwa kidole. "Habari za dawa utaambiwa na daktari kesho, mimi si wa dawa," alimwambia. "Mimi wa ukuta, na ukuta wa mwanao ni safi. Leo ukale." Dereva alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuangalia picha ambayo hakuielewa hata kidogo. Jioni ileile seti kamili ilikuwa mezani kwa daktari wa figo, na aliyeipeleka aliendesha, nasikia, huku redio inaimba.

Alhamisi Mkurugenzi aliambiwa habari za waya kuungua, mgeni akiwa tayari getini. Simlaumu kwa maneno aliyoyatoa, na sitayaandika. Akili ilipomrudia alipendekeza picha ya koo la panya ibandikwe nyuma ya kioo na mtu achutame chini na tochi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Miaka ya nyuma Mama Kope angelifanya jambo hilo akicheka, na mimi ningechutama. Safari hii alisema hapana, akafungua mapazia. Chumba kile hakikuwahi kuonwa na mgeni kikiwa na mwanga, na kwa mara ya kwanza rangi ya ukutani ilivyobanduka ikaonekana na viongozi.

Mgeni alipoketi, Mama Kope, ndani ya gauni la buluu, alimpa mkononi picha ya figo. Mgeni aliitazama kwa uzoefu wa mtu aliyetazama vingi, akatikisa kichwa, akasema, "Safi sana. Haya ndiyo mahindi?"

Mama Kope akasema hapana, ni figo ya binti wa dereva aliyemleta asubuhi hii, na waya wa mwisho wa mashine umeungulia hapo. Mkurugenzi akacheka peke yake, akiwa na matumaini kwamba ni mzaha. Mgeni akasema vizuri, vizuri, akaipindua picha kuona kama nyuma kuna kitu, akarudisha. Kwenye kitabu cha wageni aliandika kwamba amefurahishwa na maendeleo ya mahindi.

Mkataba haukuongezwa. Bango limefutwa na kuandikwa upya, sasa lina jina la mgeni rasmi, na ndilo litakalofunuliwa Ijumaa kabla ya keki. Nyaya mpya zimefika wiki iliyopita, boksi zima, baada ya Idara ya Ununuzi kupata bei tatu kwa njia ambayo hatukuambiwa. Bi Harusi anawaka, na vijana wawili ambao Mama Kope aliwafundisha kukata wameanza kutuangalia vibaya kwenye ngazi.

Watu wameniuliza kama Mama Kope anajuta. Siku lile bango lilipopelekwa kwa mchoraji lifutwe, alikuja chumbani kwangu, akazima taa nyekundu, akalia. Akaniambia lile jina mlangoni alilitaka sana, alilitaka kuliko mkataba, na nisije nikamgeuza mtakatifu kwenye makala yangu. Nimejitahidi. Mimi nampenda mwanamke huyu, na kitengo kitakuwa kikavu bila yeye, na sina namna ya kuliweka hilo kwa utani.

Madaktari waliziona picha, dawa ikaendelea, uvimbe ukashuka na haujarudi. Jana dereva alikuja kazini amenuna. Ameitwa shuleni kwa mara ya pili mwezi huu. Binti anakimbia ovyo kwenye korido, amempiga kumbo mwalimu wa hesabu, na wiki iliyopita amevunja kioo cha jirani kwa mpira. Alimlalamikia mlinzi, akamlalamikia mhasibu, akapanda ghorofa kwa ghorofa akilalamika kwenye kila mlango bila kuruka hata mmoja, na alipofika kwa Mama Kope akaianza habari upya tangu mwanzo, taratibu, na Mama Kope akavua miwani ili asikilize vizuri.

Dada yetu, asante. Nenda ukaishi miaka mingi na mizuri, na watu waje wakulalamikie hivyo hadi nyumbani.